Futi Mbili kwa Kumi na Mbili

Mwezi uliopita mjukuu wangu alinipeleka Kariakoo kununua mkeka. Nilitaka wa ukindu, akanambia, "Bibi, ukindu utaupata wapi siku hizi? Chukua wa plastiki, unafutika." Tukasimama mbele ya kijana aliyeegemeza mikeka yake ukutani, kila mmoja umekunjwa na kufungwa kamba kiunoni. Alinipa shikamoo, nikamwitikia, akaanza kuikunjua. "Huu nne kwa sita, wa chumbani. Huu mbili kwa kumi na mbili, wa koridoni. Mali ni ileile, mama, umbo tu ndilo tofauti." Akautupa ule wa pili kwa mkono mmoja, nao ukakimbia juu ya lami mpaka ukanifikia miguuni, mrefu, mwembamba. Nikarudi nyuma. Mjukuu wangu alidhani nimeona panya.

Nina umri mkubwa sasa. Nimefundisha watoto Kurani tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, nimeosha maiti za wanawake wenzangu, nimekaa matanga mengi, na kwa rehema za Mwenyezi Mungu kifo sikiogopi kama zamani. Lakini umbo lile bado naliogopa. Tulichukua wa nne kwa sita, tukaondoka, na njia nzima nilikuwa nanusa ukindu uliolowekwa, ingawa hapakuwa na ukindu popote.

Wenzangu wa umri wangu mnaikumbuka harufu hiyo: majani mabichi yaliyochemshwa na rangi, yanukia nusu kama nyasi, nusu kama maji ya kisimani. Chumba chetu kilinukia hivyo mwaka mzima, kwa sababu Bibi, mama yake mama, alikuwa mshonaji wa mikeka. Tulikuwa na chumba kimoja katika nyumba ya vyumba sita, vitatu huku na vitatu kule, ukumbi mrefu katikati, na uani nyuma kwa kupikia, kufulia na kuanikia. Soko la Kariakoo lilikuwa karibu kiasi kwamba asubuhi tulisikia mikokoteni kabla hatujasikia majogoo. Bibi alikaa chini amenyoosha miguu, akisuka ukindu kuwa ukili, ule utepe mrefu wenye upana wa vidole vinne. Ukili ukishakuwa mwingi aliuzungusha kama gurudumu na kuuweka chini ya kitanda. Kisha huushona ubavu kwa ubavu kwa shazia, ile sindano ndefu ya kushonea mikeka: anaupeleka mpaka ukingoni, anaupinda, anaurudisha, mpaka utepe unageuka kuwa kitu cha kulalia watu. Hakupenda kukata. Alisema ukili ukikatwa ovyo unafumuka, na mshonaji anayekata sana hajui anachotaka.

Baba alikuwa kuli bandarini. Alifariki kwa homa nilipokuwa mdogo sana, na ninachokikumbuka siku hiyo ni miguu ya watu wazima ukumbini, viatu vyao mlangoni, moshi wa ubani, na mkeka. Bibi alimpa mjomba mmoja mkeka uliokunjwa. Mjomba akaukung'uta mlangoni, ukafunguka kidogo, nikauona: mrefu, upana wake kama mabega ya mtu. Nikamuuliza Bibi, "Unaenda wapi?" Akanambia, "Unaenda na baba yako." Nikauliza utarudi lini. Akanifunika kichwa kwa khanga yake.

Leo najua ulikuwa wa kufunika pale ndani ya kaburi kabla ya udongo kurudishwa, kama ilivyokuwa desturi kwetu. Wakati ule nilijua jambo moja tu. Mikeka ya Bibi ilikuwa ikiazimwa kwa ajili ya arusi na maulidi, ikienda Ilala, ikienda Magomeni, na siku zote ilirudi. Ule haukurudi. Basi nikajijengea dini yangu ndogo, ambayo sikumwambia mtu: mikeka mipana hurudi, mikeka myembamba hairudi.

Miaka michache baadaye mama akaanza kukohoa. Alikuwa akipika vitumbua barazani mbele ya nyumba, na wateja wakaanza kupita upande wa pili wa barabara. Akakonda. Siku moja nilimwona akifua khanga peke yake uani, akisugua pembe moja tu, na maji ya beseni yalikuwa na wekundu mwepesi kama sharubati. Aliponiona akayamwaga haraka. Wiki ile ile Bibi na majirani walimpeleka hospitali kubwa kule Upanga, na hakurudi nao.

Nikaambiwa mama ana kifua, atatibiwa miezi, na watoto hawaingii wodini. Siku za kuona wagonjwa Bibi alinisimamisha nje ya ua, na baada ya muda mkono ulitokea kwenye dirisha la juu ukipunga khanga. Sikuuona uso. Nilikuwa nikirudi nyumbani najiuliza kama kweli ule ni mkono wa mama, au ni wa mgonjwa mwingine aliyeombwa kupunga. Nyumbani nako mambo yalibadilika. Mama Zuhura, mpangaji wa chumba cha pili, alikuwa mwanamke mwenye huruma, alituletea mboga mara nyingi, lakini nilimsikia akimwambia mwanawe, "Zuhura, usinywee kikombe cha kwa kina Mwanahawa." Zuhura akakiweka chini taratibu, kana kwamba kina moto.

Bibi akaanza mkeka mpya. Ulikuwa wa ukindu mweupe na mistari ya zambarau, na mwanzoni ulikuwa furaha yangu. Alikuwa na kijiti cha urefu wa futi moja, alichokatiwa na fundi seremala, na alikilaza mara kwa mara juu ya mshono kupimia. "Nne kwa sita," alisema. "Mama yako akijaliwa kurudi, tutalala wote watatu hapa chini, mimi na yeye na wewe katikati. Kitanda tutawaachia kunguni, maana wao ndio wenye nyumba." Bibi aliniita mke mwenza, kama bibi zetu wote walivyotutania, na jioni zile aliniimbia huku anashona, nami nikijiviringisha kwenye sehemu iliyokwisha kuwa tayari, nikitafuta mahali pa mama na mahali pangu.

Mkeka ulikuwa umebakiza mikunjo michache. Siku hiyo Bibi alirudi kutoka Upanga. Alitia udhu, akasali alasiri, akakaa juu ya msala muda mrefu kuliko kawaida. Halafu akachukua wembe, akauvuta mkeka mapajani, akaanza kukata nyuzi za mshono.

"Bibi, unafumua?"

"Nafumua."

"Umekosea?"

"Umbo silo," akasema. Hakuinua macho.

Kesho yake alianza upya na ukili uleule. Safari hii hakuupinda pale alipokuwa akiupinda. Aliupeleka mbele, na mbele, mpaka ukatoka mlangoni ukaingia ukumbini. Akanambia nishike mwisho wake niukaze. Nilisimama mbali naye, ukili umenyooka baina yetu, nikamuuliza kama utatosha.

"Ukili ni uleule, mke mwenza. Ukiuvuta huku unapungua kule. Utakuwa mbili kwa kumi na mbili."

"Mbili ndio upana?"

"Mbili ndio upana. Kaza mkono, mbona umelegea?"

Mkono ulikuwa umelegea kwa sababu nilikuwa nimeangalia kile kijiti chake kikilala mara mbili tu, na nikaona mabega ya mtu. Nilitaka kumuuliza mkeka ni wa nani. Lakini swali lenyewe lilikuwa na jibu ndani yake, na niliogopa kwamba nikilitamka litafunguka. Nikakaza mkono. Tangu saa hiyo nikawa msaidizi wa kazi niliyodhani ni ya kumzika mama yangu.

Shuleni tulikuwa na Mwalimu Komba, mtu wa kusini, Mkristo mpole aliyetufundisha hesabu kwa vitu vya kuokota. Katika siku hizo hizo alitutuma tulete vizibo vya soda. Akatugawia makundi, kila kundi vizibo ishirini na vinne, akatuambia tupange mistatili sakafuni, kila safu iwe sawa na mwenzake. Kundi letu lilipanga nne kwa sita. Wa jirani walipanga tatu kwa nane. Selemani, aliyekuwa mcheshi wa darasa, alivipanga vyote mstari mmoja mpaka vikagusa kizingiti.

"Mwalimu, wangu ndio mkubwa. Umefika mlangoni."

"Huo nyoka, sio mstatili," wakamwambia.

"Nyoka naye ana eneo lake," Mwalimu Komba akasema. "Haya, mkubwa ni upi?"

Tukabishana, wengine wakashika upande wa nyoka, wengine upande wetu. Akatuacha mpaka tukachoka, kisha akasema tuhesabu vizibo. Ishirini na vinne, ishirini na vinne, ishirini na vinne. "Basi eneo ni moja," akasema. "Urefu ukiongezeka, upana unapungua. Hakuna kilichopotea."

Niliinua mkono. Sikuwa mtoto wa kuinua mkono. "Mwalimu, hakuna kilichopotea kweli?"

"Kimepotea nini, Mwanahawa?"

"Kama ni mkeka. Nne kwa sita wanalala watu watatu. Mbili kwa kumi na mbili wanalala wangapi?"

Darasa likacheka. Selemani akasema, "Analala mmoja, tena akigeuka ameanguka."

Mwalimu hakucheka. Alichuchumaa, akavunja mstatili wetu, akapanga safu mbili za vizibo kumi na viwili, akaviangalia. "Ubavu kwa ubavu, kweli, ni mmoja," akasema. "Ila ni mrefu huu. Anaweza kulala mtu mzima huku, na baada ya miguu yake akalala mwingine. Wawili. Umeuliza vizuri. Eneo linakwambia mkeka ni kiasi gani. Halikwambii nani atalala wapi."

Alikusudia kunisifu, Mungu amlipe kheri. Lakini nilirudi kukaa na masikio yanavuma. Mpaka dakika ile nilikuwa nimeogopa upana. Urefu sikuwa nimeufikiria.

Nilipofika nyumbani Bibi alikuwa ametoka kwenda kununua nyuzi. Mkeka ulikuwa umekunjwa pembeni, umekaribia kwisha. Niliukunjua ukumbini, maana chumbani haukuenea. Nikachukua gauni la mama, nikalitandaza kuanzia mwisho mmoja, shingo ukingoni. Mama alikuwa mrefu, nikakadiria pale ambapo nyayo zake zingefika, nikaweka ndala zake hapo, zimeelekea juu. Kisha nikapanda mimi. Nililala chali, kichwa changu nyuma ya ndala za mama, mikono ubavuni kama maiti. Nikanyoosha vidole vya miguu nikitafuta mwisho. Baina ya ndala na utosi wangu palibaki nafasi, na visigino vyangu vikakaa juu ya ukingo wenyewe.

Tulienea. Mama na mimi, mmoja baada ya mwingine, tulienea kana kwamba tumepimwa.

"We mtoto!" Mama Zuhura alikuwa amesimama mlangoni kwake na ungo mkononi. Alilitazama lile gauni, akazitazama zile ndala, uso wake ukabadilika. "Unafanya nini? Inuka hapo. Unajichuria kifo."

Niliinuka. Nilikusanya vitu vya mama, nikaukunja mkeka kama ulivyokuwa, na sikulia, kwa sababu hofu ikizidi hukausha macho. Nilielewa sasa kwa nini Bibi hakuzungumza. Kikombe changu kilikuwa kikiogopwa. Basi na mimi nina kifua. Wakubwa wanajua. Wameambiwa hospitali, na Bibi amefumua mkeka wa watu watatu walio hai ili atushonee wawili tunaokwenda.

Siku zilizofuata nilisikiliza mwili wangu. Nikikohoa kidogo kwa moshi wa jikoni, nilikimbilia uani kutema mate mkononi nitazame rangi. Nilijifunza kulala nimejikunja, magoti kidevuni, nikiwaza kwamba nikiwa mfupi sitaenea vizuri kwenye mkeka na labda utakataliwa. Bibi akanambia asubuhi moja, "Mke mwenza, mbona siku hizi unalala kama jongoo?" Nikasema ni baridi. Akanifunikia shuka ya pili, na Dar es Salaam ilikuwa katika joto lake.

Jeneza lilipita mtaani kwetu wiki hiyo, wanaume wakienda mbio mbio na kupokezana mabegani, wenye maduka wakifunga nusu mlango kwa heshima. Zamani nilikuwa nikikimbilia dirishani kuangalia. Safari hii nilipima upana wake kwa macho, nikasema moyoni, futi mbili. Chuoni, tulikosoma Kurani, nilikuwa nimefika sura nilizozipenda, lakini sauti ilikwama, maalimu akanirudisha nyuma mara mbili. Nilikuwa nikiomba dua yangu mwenyewe katikati ya masomo. Sikuomba mama apone. Niliona hilo ni kubwa mno kwa mtoto kuomba. Niliomba mkeka. Nilisema, Ya Rabi, urudishe uwe nne kwa sita. Ukili ni uleule, hakuna kitakachopotea. Nimesoma vitabu kadhaa vya dini tangu wakati huo, na nimeomba dua nyingi zilizo na adabu kuliko hiyo, lakini sidhani kama nimewahi kuomba kwa moyo wote namna ile.

Mkeka ukamalizika. Bibi akashona ukingo, akaukung'uta, akaukunja. Asubuhi yake akanambia, "Leo ukitoka shule, usiende chuoni. Njoo moja kwa moja, na usipite uani mpaka nikuite." Alikuwa amevaa khanga mpya. Alinishika kidevu, akanitazama usoni kwa muda, kama mtu anayesoma maandishi madogo.

Sikusikia hata neno moja la Mwalimu Komba siku hiyo. Nilirudi polepole, nikizunguka njia ya mbali, nikapita kwa wauza nazi, nikapita kwa mafundi cherehani, nikasimama kila mahali pa kusimama. Mtaa ulikuwa ule ule, redio zinaimba, mtu anagombana na mkokoteni, na nilishangaa jinsi watu wanavyoweza kununua nyanya siku kama ile. Nilipofika nikaona viatu. Viatu vya wanawake vimejaa mlangoni, vimepangana na kupandana, kama siku ya baba. Ukumbini kulikuwa na sauti za chini. Na moshi wa udi ukanijia puani, mzito, ukitokea uani.

Nilisimama kizingitini. Nilishika ukuta. Nikawaza kukimbia, lakini nilijua Kariakoo yote ilinijua, na mtu angenirudisha. Nikawaza pia kwamba kama mama ameshalala upande wake, si vizuri kumwacha alale peke yake. Wazo hilo ndilo lililonipeleka mbele. Sijui kama ni ujasiri; kwa mtoto, kuachwa na mama kunatisha kuliko kaburi.

"Mwanahawa," Bibi akaita. "Njoo."

Nilipita baina ya wanawake ukumbini, Mama Zuhura akiwa mmoja wao, nikatokea uani kwenye mwanga. Nyuma ya nyumba yetu, chini ya upenu, kulikuwa na baraza nyembamba ya saruji ambayo siku zote iliwekwa ndoo na kuni. Ndoo hazikuwepo. Ilikuwa imefagiliwa, na mkeka umetandikwa juu yake toka mwanzo mpaka mwisho, ukalingana nayo kama kifuniko na chungu chake. Upande wa mbali, juu ya mto, alikuwa mama. Amekonda, macho yamekuwa makubwa, kichwa kimefungwa kitambaa cheupe. Alikuwa amekaa. Alikuwa akinitazama.

Bibi akagonga ukingo wa huku kwa kiganja. "Huu ndio mwisho wako. Ule wa mama yako. Kaa."

Nilisimama. Nikasema kwa sauti iliyotoka yenyewe, "Bibi, ndio tunakufa?"

Mama Zuhura akatia khanga mdomoni. Mama akatazama mkeka, akanitazama mimi, akatazama mkeka tena, na nikaona anaelewa, maana yeye naye alikuwa na mume aliyekwenda na mkeka mwembamba. Akaanza kucheka. Kicheko kikageuka kikohozi, akageuza uso ukutani, akajifunika mdomo kwa kitambaa, na sote tulisubiri kikohozi kile kiishe.

"Nani kakwambia unakufa?" Bibi akauliza.

"Umbo."

Bibi akakaa chini pale pale, kwenye vumbi la uani, na khanga yake mpya. Hakunikemea. Alisema taratibu, "Daktari kaniambia, mkimrudisha alale penye hewa, na mtoto asilale kifuani kwake, asipumuliane naye, mpaka dawa zifanye kazi. Nikasema moyoni, ule mkeka niliouanza haufai. Mpana, mngelala pua kwa pua, na nani angewatenga? Wewe? Watu wakanishauri nimpe mama yako mkeka wake na wewe wako. Nikakataa. Mtu akipewa mkeka wake peke yake, keshafukuzwa. Basi ukili nikauvuta. Hewa iko baina yenu, lakini mkeka ni mmoja."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia anarudi, halafu asirudi?" akasema. Nikaona mikono yake, ile iliyonyoosha ukili, ikikunja na kukunjua pindo la khanga. Alikuwa ameshona kwa hofu sawa na yangu, futi kwa futi, naye hakuwa na mtu wa kumuuliza.

Nikakaa kwenye mwisho wangu. Mama akanyoosha mguu, nami nikanyoosha wangu. Haikufikiana. Akasema, "Shikamoo yangu iko wapi?" Nikamwamkia, akaitikia marahaba, na wanawake ukumbini wakaanza kuongea wote kwa pamoja.

Ningependa kusema hofu iliondoka siku hiyo. Haikuondoka. Kwa miezi nilikula pale, nilifanya hesabu za shule pale, nikasoma Kurani kwa sauti kutoka mwisho mmoja wa mkeka ili mama asikie kwenye mwisho wa pili, na kila alipokohoa nilinyamaza katikati ya aya nikisubiri. Anga likiwa jeusi na mvua inakuja, Bibi alishusha turubai, na mimi nikalia kwa kuwa sikumwona mama vizuri. Sindano zilimchosha. Kuna wiki alirudi nyuma, akawa hainuki, na Mama Zuhura alikaa nasi uani mpaka akaweza kumeza uji. Tangu hapo hakuchagua vikombe tena. Nilijifunza subira juu ya mkeka ule kabla sijajifunza neno lenyewe kwa maalimu. Leo nikiwafundisha watoto juu ya subira, wananiangalia kama ninawaeleza habari ya kulala usingizi. Sijui niwaambieje kwamba ni kukaa macho umbali wa futi chache kutoka kwa unayempenda, na kutosogea.

Mama aliishi. Alhamdulillahi, aliishi mpaka akawashika wajukuu, akawagombeza, akawapikia vitumbua. Lakini siku ninayoihesabu kuwa ndiyo aliyorudishwa kwangu siyo ile ya udi na viatu mlangoni. Ni siku Bibi alipotoka naye Upanga akiwa anatembea mbele, mama nyuma yake na kikapu, na Bibi akasema ukumbini, kama mtu anayetangaza bei ya samaki, "Daktari kasema basi. Hamna tena kutengana."

Mama akaenda kukaa mahali pake, mwisho ule wa mbali. Akagonga mkeka kando yake. "Sogea, mwanangu."

Sikusogea. Nilikuwa nimezoea mwisho wangu, na niliamini ndio uliomweka hai. Nilidhani nikiuacha tu, kitu kitakatika. Nikatikisa kichwa. Mama akaniita tena, nikashika ukingo kwa mikono miwili.

Mama akainama, akaweka viganja juu ya ukindu, akaanza kuja. Alijikokota kwa magoti, polepole, akipumzika njiani, akinitazama usoni wakati wote kama mtu anayemkaribia ndege asiruke. Alipofika alinizunguka, akakaa nyuma yangu, akanizungushia mikono, akaweka kidevu chake juu ya kichwa changu, na nikahisi pumzi yake nyweleni, ya moto, haikwaruzi. Tukakaa hivyo wawili tumebanana kwenye ukingo, nusu yetu iko nje ya mkeka, na futi kumi za ukindu zimebaki tupu.